Chujio liweke kando: jibu kwa mama anayesaga matunda kila asubuhi

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka mitano, naishi Morogoro. Miezi miwili iliyopita nilinunua blenda, na tangu hapo kila asubuhi natengeneza smuthi: embe dodo moja kubwa, ndizi mbivu mbili, pasheni nne, maji, na sukari vijiko vitatu vya chai. Nachuja ili isiwe na makapi. Zinatoka glasi mbili kubwa. Moja ya mume wangu, nyingine nagawana na mtoto. Mume wangu alipima akaambiwa sukari imepanda kidogo, ingawa haijafika kisukari. Nilidhani smuthi itamsaidia, lakini ikifika saa nne tu ananiambia njaa inamuuma. Mtoto naye mboga za majani hagusi, nimeambiwa nimsagie humo humo. Na juzi blenda imetoa harufu ya kuungua. Nakosea wapi? Na je, naweza kusaga usiku tukanywa asubuhi?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeandika vipimo vyote, hata vijiko vya sukari umevihesabu, na hilo limenirahisishia kazi sana. Wengi huniandikia "matunda kiasi" na "sukari kidogo", nikabaki kukisia.

Matunda uliyochagua ni mazuri na blenda haina kosa. Kosa liko kwenye chujio na kijiko cha sukari, na zaidi liko kwenye vitu ambavyo hujaviweka kabisa kwenye jagi. Unachotengeneza sasa hivi ni juisi nzito. Smuthi ya kumfikisha mtu mchana inatakiwa iwe chakula, na mlo wa matunda matupu haumkalishi mtu mzima tumboni.

Tuhesabu pamoja. Kila gramu 100 za nyama ya embe zina sukari ya asili kama gramu 14. Dodo kubwa likimenywa na kutolewa kokwa hubaki gramu 300 hivi, kwa hiyo hapo una gramu 40 na ushee. Ndizi mbili zinaongeza kama gramu 24, pasheni nne kama 8. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4, vitatu ni 12. Jumla inakaribia gramu 85. Gawanya kwa glasi mbili: shemeji anakunywa zaidi ya gramu 40 za sukari kabla hajavaa viatu, sawa na vijiko kumi vya chai. Hakuna mtu ambaye angemkorogea chai ya vijiko kumi mumewe aliyeambiwa sukari imepanda. Kwenye glasi ya matunda hatuvioni, ndiyo maana havitushtui.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa sukari mwaka 2015. Linasema sukari huria isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayetumia kilokalori 2,000 kwa siku, hiyo ni gramu 50, na bora zaidi ni 25. Sukari huria ni ile tunayoongeza kwenye chakula na vinywaji, pamoja na ya asali na ya juisi za matunda. Juisi imetajwa humo waziwazi, hata kama hujaitia punje moja ya sukari. Uingereza wameenda mbali zaidi: huwashauri watu wao juisi na smuthi za matunda, zote kwa pamoja, zisizidi mililita 150 kwa siku. Hiyo ni nusu tu ya glasi kubwa.

Sababu ni hii. Ukilitafuna embe, sukari yake imo ndani ya nyama ya tunda, unaimeza kidogo kidogo, na dodo zima litakuchukua dakika kumi ukiwa na nyuzi kwenye meno. Blenda inaipasua nyama hiyo na sukari inaogelea kwenye maji. Dodo lile lile linashuka kooni kwa mikupuo mitano. Ila nyuzinyuzi haziharibiki kwa kusagwa, zinakatika vipande vidogo tu, na zikibaki kwenye glasi zinaendelea na kazi yake ya kupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu na kumshibisha mtu. Zinapotea pale unapochuja. Yale makapi unayokung'uta kwenye ndoo ya taka umeyalipia sokoni, na ndiyo shemeji anayoyahitaji kuliko kitu kingine chochote kwenye hilo tunda.

Kwa hiyo kuanzia kesho chujio liweke kando, na sukari usiweke kabisa. Siku tatu nne za kwanza ulimi utalalamika. Punguza kwa hatua kama ni lazima, kijiko kimoja kila siku mbili, lakini ufike sifuri. Pasheni peke yake naikubalia ichujwe, kwa sababu mbegu zake zikisagwa zinakuwa kama mchanga na zinaacha uchungu. Isage na maji kwa mizunguko miwili mitatu mifupi tu, mbegu ziachie utomvu wake, chuja, kisha rudisha maji hayo kwenye jagi pamoja na vitu vingine.

Sasa njaa ya saa nne. Juisi haikai tumboni. Kinachokaa ni protini, mafuta na nyuzinyuzi, na vitu hivyo unavyo jikoni tayari. Smuthi ninayomwandikia mtu kama shemeji inaanza na mapera. Sijui kwa nini tunalidharau pera na kulionea fahari tufaha la kutoka nje. Gramu 100 za pera zina vitamini C zaidi ya miligramu 200, wakati chungwa lina kama 50, na zina nyuzinyuzi zaidi ya gramu 5 kwa sukari isiyofika gramu 10. Mwenzake ni parachichi. Haya ya Njombe yanapojaa sokoni yanauzwa bei ambayo kila mtu anaiweza, na gramu 100 zake hazina hata gramu moja ya sukari, ila zina nyuzinyuzi karibu 7 na mafuta mazuri kwa moyo.

Kwa mtu mmoja chukua mapera mawili madogo yaliyoiva na kunukia, usimenye, osha tu na ukate vikonyo. Parachichi robo. Mtindi usio na sukari mililita 150, yaani kama kikombe cha chai ambacho hakijajaa. Karanga zilizokaangwa, kijiko kimoja cha chakula kilichojaa. Kipande cha tangawizi kama ncha ya kidole gumba, ndimu kidogo, na maji ya kulegeza. Hapo anapata protini gramu 12 hivi na nyuzinyuzi karibu 10, wakati mtu mzima anashauriwa kupata angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku nzima. Sukari yote iliyomo, ya mapera na ya maziwa yenyewe, haizidi gramu 18 au 19. Mbegu za mapera ni ngumu na blenda ndogo haizimalizi. Zikimsumbua, pitisha rojo la mapera peke yake kwenye chekeche la matundu makubwa, mbegu zibaki na nyama ipite. Usitumie kile kitambaa cha kuchujia tui.

Utaona inatoka nzito kama uji, na ndivyo inavyotakiwa. Mpe glasi moja, anywe ameketi, taratibu. Nawashauri watu wanywe kwa kijiko kwa wiki ya kwanza, maana mkono unaposhika glasi unakimbilia kumaliza. Akitaka kitu cha kutafuna pembeni, yai moja la kuchemsha linatosha. Embe lake asiliache, alile kama tunda, nusu, baada ya chakula cha mchana.

Karanga zichambue kabla ya kusaga. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu usiionee huruma, itupe. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kukaanga wala kwa kusaga, na ladha ya matunda inaificha. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga hushambuliwa na ukungu huo huo. Siagi ya karanga unayoipima sokoni muulize muuzaji amesaga lini, na kama kweli unaweza, nunua karanga ukasage mwenyewe. Korosho, ufuta na mbegu za maboga zinafanya kazi hiyo hiyo. Kwa upande wa maziwa, kama unayapata kwa mfugaji yachemshe kwanza, hata yakiwa ya kugandisha mtindi, kwa sababu maziwa mabichi hubeba brusela na vijidudu vingine. Na mayai mabichi, ambayo vijana wa mazoezi wanapenda kuyapasulia kwenye blenda, yasiingie kabisa. Protini ya yai lililochemshwa mwili unaipata vizuri zaidi, bila hatari ya salmonela.

Kabla sijaenda kwa mtoto, niseme la shemeji moja kwa moja. Ikiwa kipimo chake cha kabla ya kula kilikuwa kati ya milimoli 6.1 na 6.9 kwa lita, hapo ndipo penye "imepanda kidogo", na ni mahali pazuri pa kugeukia. Smuthi haitibu sukari, hata hii yangu. Ninachotaka ni isimwongezee mzigo, imtoe kwenye chai ya maziwa yenye sukari na maandazi mawili. Aendelee na kliniki na tarehe zake za kupima. Mkipata mashine ya kupimia sukari, hata ya kuazima kwa jirani ila vijisindano viwe vipya na visiguswe na mtu mwingine, mpime kabla ya kunywa na saa mbili baada ya kunywa, siku moja kwa smuthi ya zamani na siku moja kwa hii. Namba zitamweleza kuliko maneno yangu. Na kama nyumbani kuna mgonjwa wa figo, au anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, asianzishiwe smuthi za matunda na majani kabla daktari wake hajaambiwa: wa figo kwa ajili ya potasiamu, wa warfarini kwa ajili ya vitamini K ya majani.

Sasa mwanetu wa miaka mitano. Hao waliokuambia umsagie mboga humo humo wamesema nusu ya jambo. Ukimfichia mchicha kwenye embe, siku atakayogundua atakuwa amepoteza imani na mchicha, embe na wewe. Halafu rangi: kijani na njano ya embe vikikutana blendani hutoa rangi ya matope, na mtoto anakula kwa macho kwanza. Nimeona mtoto akisukuma kikombe bila hata kukinusa.

Anza na karoti. Rangi yake na ya embe ni ndugu. Ichemshe mpaka iwe laini. Blenda ya nyumbani haiwezi kusaga karoti mbichi vizuri, inaacha chengachenga, na karoti iliyopikwa mwili unaipata vitamini A yake kwa urahisi zaidi. Vitamini hiyo inahitaji mafuta ili ifyonzwe, kwa hiyo weka vijiko viwili vya tui zito la nazi au kipande cha parachichi. Karoti moja ndogo, embe kipande kama kiganja chake yeye mwenyewe, mtindi, tui. Mwite ashuhudie. Mpe karoti aidumbukize kwa mkono wake, funga mfuniko, kisha mwachie abonyeze swichi huku wewe umeshikilia jagi. Mtoto akishabonyeza mwenyewe, kinywaji hicho ni cha kwake.

Baada ya wiki mbili leta majani, naye akiona. Spinachi changa au mchicha, majani matano sita, uyatumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, uyakamue. Maji hayo ya moto yanaondoa uchungu na sehemu ya oksaleti, kemikali ya asili ya majani inayozuia mwili kuchukua madini, na yanaua vijidudu vya bustanini, maana hujui bustani hiyo inamwagiliwa kwa maji gani. Majani haya mpe na ndizi na parachichi, rangi itatoka kijani safi. Pera au ndimu humo ndani vinasaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya majani; chai ya rangi inayazuia, kwa hiyo chai isifuatane na glasi hiyo. Na hata akiipenda, mboga iendelee kuwekwa kwenye sahani yake kila siku, hata kijiko kimoja, bila kumlazimisha. Tunamfundisha kula, na glasi haifundishi kutafuna.

Kipimo chake ni glasi ndogo ya mililita 120 mpaka 150, mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Asitembee nayo kwenye chupa akinyonya mpaka mchana, meno yataoza. Mkijaliwa mdogo wake, kumbuka asali haiingii kwenye kinywa cha mtoto kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Jani moja nakukataza kabisa: kisamvu. Kuna watu wanasambaza ushauri kwamba kisamvu kibichi kikisagwa kinaongeza damu. Kisamvu kibichi kina sumu ya sianidi, na kukisaga ndiko kunakoifungulia. Bibi zetu walikitwanga, wakakichemsha kwa muda mrefu bila kufunika, na walikuwa na sababu. Maharage mabichi au yaliyolowekwa tu nayo hayafai. Majani ya mlonge ni salama kwa kiasi cha kijiko kimoja cha chai cha unga, na unga wa ubuyu mweupe, ule usiotiwa rangi na sukari, ni mzuri mno. Kijiko kimoja cha chakula kinatia uchachu unaokufanya usahau sukari.

Umesema embe, ndizi na pasheni tu, lakini najua nanasi litakuja. Nanasi bichi na maziwa vikikaa pamoja nusu saa vinakatika na kuwa vichungu kama dawa. Hayajaharibika; nanasi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa. Papai nalo lina chake, ndicho hicho kinacholainisha nyama unapoipaka papai bichi kabla ya kuichoma. Ukiyataka na mtindi, saga na unywe hapo hapo, au chemsha nanasi dakika chache lipoe kwanza. Moto unakiua kimeng'enya hicho.

Blenda yako sasa. Nakisia siku ile uliweka embe lililoganda au ndizi nyingi chini na maji kidogo juu. Visu vinakwama, mota inavuta umeme bila kuzunguka vizuri, nyaya zake zinapata joto, unasikia harufu. Blenda mpya hutoa harufu kidogo siku za mwanzo, lakini ya miezi miwili inakuambia imelemewa. Mpangilio ni huu: kimiminika kwanza, kisha vitu laini kama mtindi na parachichi, kisha majani, na vigumu na barafu juu kabisa. Jagi lisipite theluthi mbili. Anza kwa kubonyeza na kuachia mara tano sita, ndipo uiache izunguke sekunde 30, pumzisha, rudia. Isiende zaidi ya dakika moja mfululizo. Ikizunguka vizuri utaona katikati panafanya shimo kama kimbunga, vitu vinashuka na kupanda. Shimo likijifunga na sauti ikabadilika kuwa nyembamba, zima, ongeza maji. Usiingize mwiko kabla ya kuchomoa waya ukutani. Karoti za moto zisubiri zipoe, mvuke unaweza kurusha mfuniko. Harufu ikirudi hata kwa mzigo mdogo, au ukiona moshi, acha kuitumia, mpelekee fundi.

Na ufungue chini ya jagi, kama yako inafunguka. Kuna raba nyembamba ya duara chini ya visu. Nilipoifungua ya kwangu kwa mara ya kwanza, baada ya kusuuza jagi kila siku nikidhani ni safi, nilikuta utando mweusi unaoteleza pande zote mbili za raba. Kila baada ya kusaga weka maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, washa sekunde 20, mwaga, suuza. Kila baada ya siku mbili fungua raba, isugue kwa mswaki wa zamani, ianike ikauke kabla ya kuirudisha. Maji na barafu unayotumia viwe vya maji yaliyochemshwa au kutibiwa.

Kuhusu kusaga usiku: unaweza, kama friji yako inashika baridi na umeme haukatiki. Mimina kwenye chupa safi mpaka karibu na mdomo ili hewa iwe kidogo, weka ndimu ili parachichi lisiwe jeusi, tikisa kabla ya kunywa, na imalizike ndani ya saa 24. Nje ya friji isizidi saa mbili, na kwa joto la Morogoro ningesema moja. Ninachofanya mimi ni kukatakata mapera na parachichi lenye ndimu usiku, nafunga kwenye mfuko mmoja kwa kila asubuhi, naweka kwenye friza. Msimu wa embe, Novemba mpaka Januari, nafanya hivyo hivyo kwa maembe. Umeme ukikatika na mfuko ukayeyuka wote, usiugandishe tena. Usagwe siku hiyo hiyo.